Chembe Nano na Saratani ya Utumbo Mpana: Zinafika Wapi Hasa?



Ndugu zangu, tangu nilipoandika katika gazeti letu juu ya chanjo za mRNA na vijitone vya mafuta vinavyozibeba, nimeulizwa swali moja na watu wengi, wengine baada ya swala, wengine kwenye foleni ya chakula. Kama vijitone hivyo vinaweza kubeba chanjo hadi ndani ya seli, kwa nini visibebe dawa ya saratani moja kwa moja hadi kwenye uvimbe, na sehemu nyingine za mwili zikasalimika? Wengine wameona video ya chembe za dhahabu zikiogelea ndani ya mshipa wa damu, zikiutafuta uvimbe na kuulipua, na wanataka kujua kama ni kweli.

Jibu fupi ni kwamba chembe hizo zipo, na dawa za aina hiyo zimo hospitalini kwa takriban miaka 30 sasa. Lakini nyingi haziendi tunakotaka ziende. Zinakwenda kwenye ini. Mwanafunzi akilielewa jambo hilo moja, ataweza kusoma habari yoyote ya nano na saratani na kujua aulize nini. Nimechagua saratani ya utumbo mpana iwe mfano wetu kwa sababu katika ugonjwa huu ini linaonekana kwa sura mbili: kwenye matibabu ni kikwazo, kwenye picha ni msaada. Nimeichagua pia kwa sababu ni ugonjwa ambao watu wetu wanauficha.

Ugonjwa wenyewe

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya njia ya chakula, yenye urefu wa karibu mita moja na nusu, inayonyonya maji na chumvi na kuacha kinyesi. Mwaka 2022 watu wapatao milioni 1.9 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo huu, tukihesabu pamoja na sehemu yake ya mwisho iliyo karibu na njia ya haja kubwa. Waliofariki kwa ugonjwa huo mwaka huo walikuwa kama 900,000. Ni saratani ya mapafu pekee inayoua zaidi.

Sisi tunaosoma Uganda tuna historia yetu katika jambo hili. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, na ambaye jina lake limepewa ile limfoma ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958, aliona kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra sana kwa Waafrika aliowatibu, ilhali Ulaya ilikuwa kawaida. Mwaka 1971 aliandika kwamba tofauti hiyo inatokana na chakula, hasa nyuzinyuzi zinazofanya kinyesi kiwe kingi na kipite haraka. Wanasayansi wamejadili hoja yake kwa miaka zaidi ya 50, na nyuzinyuzi bado zimo miongoni mwa mambo yanayotajwa kuwa ni kinga. Kilichobadilika ni sisi. Rejesta ya saratani ya Kampala, iliyoanza katika miaka ya 1950, imeonyesha kwamba ugonjwa huu unaongezeka. Mwenye kutazama foleni ya chipsi nje ya geti letu saa mbili usiku atakuwa na dhana yake kuhusu sababu. Mimi nina yangu.

Kwa kawaida ugonjwa huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa ndani wa utumbo. Kinyama hicho si saratani. Seli zake hukusanya makosa ya jeni moja baada ya jingine, na mara nyingi hupita miaka kama 10 kabla hakijageuka kuwa saratani kamili. Kwa takwimu za Marekani, mgonjwa anayegunduliwa ugonjwa ukiwa bado ndani ya utumbo ana nafasi ya takriban 9 kati ya 10 ya kuishi miaka mitano au zaidi. Ukiwa umeshasambaa mbali, nafasi hiyo hushuka hadi chini ya 2 kati ya 10. Tazama tofauti hiyo vizuri, kwa sababu hakuna chembe nano iliyowahi kuleta tofauti kubwa kama ile inayoletwa na kuwahi tu.

Nano ni nini

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa kichwa una upana wa kama nanomita 80,000. Seli nyekundu ya damu ina kama 7,000. Uzi wa DNA una upana wa 2 tu. Chembe nano ni kitu chenye ukubwa wa kati ya nanomita 1 na 100, ingawa sisi wa famasia huuvuka mpaka huo kidogo bila kuomba radhi.

Kwa nini udogo huo una maana? Chukua mchemraba wa sukari wenye upande wa sentimita moja. Eneo la nje lake lote ni sentimita 6 za mraba. Ukate vipande vyenye upande wa nanomita moja, sukari ileile, uzito uleule, na jumla ya maeneo ya nje inakuwa mita 6,000 za mraba, karibu na uwanja wa mpira. Juu ya eneo kubwa hivyo unaweza kubandika dawa, rangi, au kingamwili inayotambua seli fulani. Pili, vitu vikiwa vidogo hivyo hubadilika tabia. Dhahabu ya pete ni ya njano, lakini dhahabu iliyosagika hadi nanomita 20 na kuelea ndani ya maji ni nyekundu kama juisi ya karkade, kwa sababu elektroni zake hutikisika pamoja na kunyonya mwanga wa kijani. Michael Faraday alilichunguza jambo hilo London mwaka 1857 bila kuwa na darubini ya kuziona chembe zenyewe. Shikeni rangi hiyo nyekundu, tutaihitaji baadaye.

Safari ndani ya damu

Sasa tudunge chembe zetu mshipani. Tumezipaka kingamwili inayoshika CEA, protini ambayo Phil Gold na Samuel Freedman waliigundua Montreal mwaka 1965 katika saratani ya utumbo mpana. Kwa karatasi, kazi imekwisha: chembe itazunguka na damu, itakutana na seli zenye CEA nyingi, itashika.

Damu lakini si maji matupu. Ndani ya sekunde chache protini za damu huizunguka chembe na kuivisha joho lake. Mara nyingi joho hilo huifunika kingamwili tuliyoibandika kwa taabu, na kwa seli za ulinzi linasomeka kama alama ya mgeni. Seli hizo, zinazokula vijidudu na takataka, zimejaa kwenye wengu na zaidi kwenye ini, ambako zinaitwa seli za Kupffer. Zimekaa ukutani mwa mishipa ya ini kama walinzi wa geti, na kazi yao tangu tumeumbwa ni kukamata chochote chenye umbo la bakteria au kirusi. Chembe yetu ina umbo hilohilo. Inakamatwa.

Watafiti wanajua mbinu kadhaa za kuchelewesha hali hiyo. Iliyo maarufu ni kuifunika chembe kwa polima inayoitwa polietilini glaikoli, ambayo hushika maji na kuifanya iteleze. Njia nyingine ni kuifanya iwe ndogo kabisa: chini ya takriban nanomita 6 figo huichuja, na mtu huikojoa. Chembe za silika za aina hiyo zilizotengenezwa Chuo Kikuu cha Cornell ziliruhusiwa kujaribiwa kwa binadamu Marekani mwaka 2011, kwa wagonjwa wa saratani ya ngozi.

Kwa muda mrefu tumaini kubwa lilikuwa ni kwamba uvimbe wenyewe utazivuta chembe. Mwaka 1986 Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda wa Japani walionyesha kwamba mishipa ya damu ya uvimbe imejengwa vibaya, inavuja, na vitu vikubwa vinavyovujia humo hukaa kwa sababu hakuna mfereji mzuri wa kuviondoa. Hoja hii imefundishwa kama kanuni katika vitabu vingi. Lakini mwaka 2016 kundi la Warren Chan wa Chuo Kikuu cha Toronto lilikusanya tafiti za miaka 10 zilizofanywa kwa wanyama na kuuliza swali rahisi: katika chembe zilizodungwa, ni ngapi zilizofika kwenye uvimbe? Jibu la katikati lilikuwa asilimia 0.7. Yaani kati ya chembe 1,000, ni 7. Mwaka 2020 kundi hilohilo likaonyesha kwamba hata hizo chache, nyingi haziingii kwa kupenya matundu, bali hubebwa na seli za ukuta wa mshipa zenyewe.

Naona makala hiyo ya Toronto ndiyo iliyoifaa fani hii kuliko nyingi zilizotangaza tiba mpya. Kabla yake mtafiti aliweza kuonyesha picha ya panya mwenye uvimbe unaong'aa, na watu wakapiga makofi, bila mtu kuuliza ini la panya huyo linang'aa kiasi gani.

Basi dawa za nano zilizopo zinasaidia nini? Chukua ya kwanza kupata kibali Marekani, mwaka 1995: doksorubisini iliyofungwa ndani ya liposomu, kiputo cha mafuta. Iliruhusiwa kwa ajili ya sarkoma ya Kaposi, ugonjwa ambao wodi zetu za saratani zinaufahamu sana. Faida yake kubwa ilikuwa kuupunguzia moyo madhara, kwa sababu dawa ikiwa ndani ya kiputo haiingii kwa urahisi kwenye misuli ya moyo.

Kwa utumbo mpana, dawa ya kufuatilia ni irinotekani. Asili yake ni kemikali ya mti wa Kichina ambayo Monroe Wall na Mansukh Wani waliieleza mwaka 1966. Dawa hii ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa umbo lenye nguvu zaidi, kisha ini hulifunga umbo hilo kwa aina ya sukari na kulitoa kupitia nyongo. Hapo ndipo balaa. Bakteria wa utumbo wanaipenda ile sukari. Wanaing'oa, dawa inaachiwa huru ndani ya utumbo, inauchoma, na mgonjwa anaharisha hadi wengine hulazwa. Kuifunga irinotekani ndani ya liposomu huifanya izunguke muda mrefu zaidi kabla haijaachiwa, ingawa kuharisha hakuishi. Dawa ya namna hiyo ilipata kibali Marekani mwaka 2015, lakini kwa saratani ya kongosho. Kwa utumbo mpana bado inayotumika kwa kawaida ni irinotekani isiyofungwa, pamoja na dawa nyingine za tibakemikali.

Ini likigeuka kuwa msaada

Damu yote inayotoka kwenye utumbo mpana, isipokuwa sehemu yake ya chini kabisa, hupita kwanza kwenye ini. Ndiyo njia ya chakula, na ndiyo njia ya seli za saratani zinazotoroka. Kwa hiyo ugonjwa huu ukisambaa, mahali pa kwanza pa kuangalia ni ini. Na si kila aliyefikia hapo amekwisha: kama madoa ni machache na yamekaa pazuri, mpasuaji anaweza kuyakata, na baadhi ya wagonjwa hupona kabisa. Hivyo kujua ini lina madoa mawili au saba ni jambo la uhai. Ukikata mawili na kuacha matano yasiyoonekana, umempasua mtu bure.

Sasa mkumbuke wale walinzi wa geti. Mdunge mgonjwa chembe za oksidi ya chuma. Seli za Kupffer zitazimeza, kama kawaida yao. Chuma kina usumaku, na katika mashine ya MRI kinaharibu mawimbi ya maji yaliyo jirani, kiasi kwamba mahali penye chuma panaonekana peusi. Ini zima linakuwa jeusi. Lakini doa la saratani limejengwa na seli za utumbo, halina walinzi wa Kupffer ndani yake, kwa hiyo halikumeza kitu. Linabaki jeupe, kama mbalamwezi. Ile tabia iliyotuharibia dawa yetu ndiyo inayotuchorea ugonjwa, na hatukuhitaji kuutafuta uvimbe kabisa. Tumepaka rangi kila kitu kingine.

Huu si mpango wa kesho. Chembe za namna hiyo zilipata kibali Marekani mwaka 1996. Kampuni iliacha kuzitengeneza mwaka 2008, hasa kwa sababu za kibiashara, kwani dawa nyingine za kupiga picha za ini zilikuwa zimeingia sokoni. Mwaka 2009 chembe nyingine za oksidi ya chuma ziliruhusiwa, safari hii kama dawa ya upungufu wa chuma kwa wagonjwa wa figo, na madaktari wa picha wakaanza kuzitumia kwenye MRI pia. Mwili hauzitupi hovyo: chuma chake huvunjwa na kuingizwa kwenye akiba ya chuma ya mwili.

Kuchoma kwa mwanga

Turudi kwenye ile video ya dhahabu inayolipua. Chanzo chake ni kazi halisi. Naomi Halas na Jennifer West wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, walitengeneza vitufe vya silika vilivyofunikwa kwa ganda jembamba la dhahabu. Unene wa ganda ukipimwa vizuri, kitufe kinanyonya mwanga wa infraredi ulio karibu na mwekundu, ambao hupenya nyama ya mwili kuliko mwanga tunaouona, na kuugeuza kuwa joto. Mwaka 2004 kundi lao lilichapisha jaribio la panya waliopandikizwa seli za saratani ya utumbo mpana. Walidungwa vitufe mshipani, kisha uvimbe ukamulikwa kwa leza. Uvimbe wa panya waliotibiwa uliyeyuka, na zaidi ya siku 90 baadaye walikuwa hai bila ugonjwa.

Ni matokeo mazuri, na ndipo wengi wanapoishia kusoma. Muulize mwandishi wa habari kama hiyo: uvimbe ulikuwa wapi? Ulikuwa chini ya ngozi. Seli zilikuwa za utumbo mpana, lakini zilipandwa mahali ambapo leza inafika kwa urahisi na ambapo kuunguza kidogo pembeni hakumuui mnyama. Kwa binadamu uvimbe umo ndani ya tumbo, kwenye ukuta wenye unene wa milimita chache, na nje ya ukuta huo ni uwazi wa tumbo ambao kinyesi kikimwagika humo mtu anaweza kufa. Joto likizidi, umetoboa. Kundi la Rice lilipofika kwa binadamu, katika jaribio la wanaume 16 lililochapishwa mwaka 2019, lilichagua tezi dume, ambako nyuzi za leza huchomekwa moja kwa moja kwenye uvimbe kwa kuongozwa na picha. Busara hiyo naiheshimu kuliko video.

Kuingilia mlangoni

Kuna faida moja ya utumbo mpana ambayo kongosho na ubongo havina: una mlango. Kamera ndefu huingizwa kupitia njia ya haja kubwa na daktari akaona ukuta wote, na akiona kinyama hukikata palepale. Kasoro ni kwamba vinyama vilivyo bapa hufanana na ukuta na hupitwa.

Sanjiv Gambhir wa Chuo Kikuu cha Stanford, daktari wa picha aliyetumia maisha yake kutafuta saratani ikiwa changa, aliona kwamba kwa utumbo mpana hakuna sababu ya kupitia kwenye damu. Kundi lake lilitengeneza chembe za dhahabu zilizofunikwa kwa silika, kila aina ikiwa na molekuli inayorudisha mwanga kwa alama yake maalumu, kama alama ya kidole. Waliweza kutofautisha aina 10 kwa pamoja. Wazo lao ni kuzinyunyiza chembe hizo juu ya ukuta wa utumbo, kila aina ikiwa na kingamwili yake, kuosha zisizoshika, kisha kusoma alama kwa kifaa kinachopita ndani ya kamera ya kawaida, ambacho walikieleza mwaka 2013. Katika panya, chembe zilizowekwa kupitia njia ya haja kubwa hazikuvuka kwenda mwilini kwa kiasi cha kutisha, tofauti na zilizodungwa mshipani, ambazo zilirundikana kwenye ini. Kwa njia hiyo suala la ini linaondoka mezani. Gambhir mwenyewe alifariki kwa saratani mwaka 2020, na kazi hii bado haijawa kipimo cha kila siku hospitalini. Katika yote niliyosoma kwa ajili ya somo hili, hii ndiyo njia ninayoiona ina akili zaidi, kwa sababu imeanza na umbo la kiungo chenyewe.

Ukanda wa karatasi

Nilisema mshike ile rangi nyekundu. Kila mmoja wetu aliyewahi kuchomwa kidole kupimwa malaria kwa kipimo cha haraka ameziona chembe nano kwa macho yake. Ule mstari mwekundu, katika vipimo vingi, ni chembe za dhahabu za kama nanomita 40 zilizofungwa kingamwili. Damu inapotembea juu ya karatasi inazibeba. Protini ya kimelea ikiwepo, chembe hunaswa kwenye mstari na kurundikana mpaka jicho linaona wekundu. Hakuna umeme wala mashine. Hakuna ini.

Ukanda wa namna hiyohiyo upo kwa kinyesi. Kingamwili yake inatambua himoglobini ya binadamu, yaani damu kidogo ambayo jicho halioni, na haidanganywi na nyama ya ng'ombe uliyokula jana. Nchi zenye uwezo huwapima watu wao kwa vipimo vya aina hii, wengine kwa ukanda, wengine kwa mashine. Marekani mwaka 2021 umri wa kuanza kupimwa ulishushwa kutoka miaka 50 hadi 45. Kwetu kipimo hiki kina tatizo lake. Mtu wa pembezoni mwa Ziwa Victoria anaweza kutoa damu kwa sababu ya kichocho cha tumbo, mwingine kwa amiba au minyoo, na ukanda hauwezi kuwatofautisha na mwenye saratani. Anayepatikana na damu anahitaji kamera, na kamera ni chache. Kwa hiyo sisemi tuugawe ukanda huu kesho kama karanga. Nasema kwamba chembe nano iliyo karibu zaidi na mgonjwa wetu ni hii ya karatasi, na mwanafunzi wa maabara anayetafuta mada ya utafiti angeweza kuanza hapa: namna ya kuufanya ukanda utofautishe damu ya kichocho na damu ya uvimbe, au uvumilie joto la stoo ya zahanati isiyo na friji.

Mjomba wangu alitibiwa bawasiri kwa miezi 14, kwanza kwa mitishamba, kisha kwa vidonge vya zahanati moja, na hakuna aliyemwingizia kamera wala hata kidole. Alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake na hakutaka kuulizwa maswali mengi. Alipoonekana hospitali kubwa ugonjwa ulikuwa kwenye ini. Bawasiri ni nyingi na kweli hutoa damu, na kijana wa miaka 22 anayeona damu nyekundu kwenye karatasi mara nyingi ana bawasiri au mpasuko mdogo. Lakini damu inayorudi kwa wiki kadhaa, choo kilichobadilika tabia bila sababu, kupungua uzito, au upungufu wa damu kwa mwanamume ambaye hana malaria wala minyoo, hayo yanahitaji daktari atazame. Sisi tumesoma fiqhi ya istinja madrasa tukiwa na miaka saba, tukitaja kinyesi na damu mbele ya ustadhi bila kigugumizi. Sioni kwa nini tushindwe kuyataja mbele ya daktari.

Mwisho, dada mmoja aliniuliza kuhusu kamera na Ramadhani. Maandalizi yake ni kunywa lita kadhaa za dawa ya kusafisha utumbo, mara nyingi sehemu usiku na sehemu alfajiri au asubuhi, na siku hiyo mtu hupewa dawa ya usingizi. Kama daktari hana haraka, omba tarehe baada ya Idi. Kama ana haraka, mgonjwa ana ruhusa yake ya kula na kulipa siku hiyo baadaye, na mwenye shaka amuulize imamu wetu kabla ya tarehe, si asubuhi ya kipimo. Ukanda wa kinyesi hauna shida hiyo: sampuli hukusanywa nyumbani wakati wowote, hata baada ya futari, na kupelekwa maabara siku ya pili.